Skripti Inakwama Ukurasa wa 38: Kukagua Mpango wa Hadithi Kabla ya Rasimu

Skripti zangu tatu za kwanza zilifia karibu mahali pamoja, ukurasa wa 38 au jirani yake. Kila mara niliushambulia ukurasa huohuo: nikabadilisha mazungumzo, nikahamisha onyesho kutoka usiku kwenda mchana, nikamwongezea mhusika kikohozi. Haikusaidia. Ukurasa wa 38 haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa mahali ambapo mpango wangu mwembamba ulichoka kubeba mzigo.

Mwongozo huu ni wa kukagua mpango kabla hujaanza rasimu, au baada ya rasimu kukugomea. Nachukulia kwamba una kitu mkononi: sentensi moja, muhtasari wa kurasa mbili, au kadi zilizotandazwa sakafuni, kila kadi na onyesho lake (sini, kama wasemavyo watu wa kamera). Kama huna chochote, andika kwanza, hata ovyo. Kisha tafuta dalili inayofanana na yako. Onyo moja tu: chanzo karibu siku zote kiko nyuma ya pale panapouma, mara nyingine nyuma sana.

Nitatumia hadithi moja ya kubuni. Zaituni ni fundi wa lifti. Siku tatu kabla ya jengo la ghorofa 30 kufunguliwa, anagundua kwamba lifti kuu haijakaguliwa, ingawa ripoti inasema imekaguliwa. Saini iliyo chini ya ripoti ni ya baba yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi.

Ukiulizwa hadithi inahusu nini, unajibu kwa dakika kumi

Sababu ya kwanza kuangalia: una hali, bado huna hadithi. "Fundi anagundua lifti haijakaguliwa" ni hali. Inaweza kukaa hivyohivyo mwaka mzima bila mtu kufanya lolote. Ili iwe hadithi inahitaji mtu, anachokitaka, kinachomzuia, na dau, yaani kitakachopotea akishindwa. Jaribu hivi: fundi wa lifti ana siku tatu za kuzuia jengo lisifunguliwe, lakini ushahidi pekee alionao ni saini ya baba yake kwenye ripoti ya uongo. Sasa hata msikilizaji asiyejua lifti inafanyaje kazi anataka kujua mwisho wake.

Sababu ya pili: una hadithi mbili. Utaijua kwa neno "pia". "Inahusu Zaituni na baba yake, pia kuna mwandishi wa habari anayechunguza mwenye jengo, pia kuna mapenzi ya Zaituni na mwandishi huyo." Jiulize ni swali lipi likijibiwa mtazamaji atainuka kitini. Hilo ndilo shina. Mengine yawe matawi ya shina hilo, au yaingie kwenye daftari la skripti ijayo. Mwandishi wa habari anafaa kubaki ikiwa tu kuwapo kwake kunafanya uamuzi wa Zaituni kuhusu baba yake uwe mgumu zaidi. Kama anachunguza mambo yake mwenyewe huko pembeni, huyo ana filamu yake.

Ya tatu ni ya wasomi: unajibu kwa dhamira. "Inahusu uaminifu." Kamera haiwezi kupiga picha ya uaminifu. Inaweza kupiga picha ya kalamu iliyosita juu ya karatasi.

Matukio ni mengi, lakini hayavuti

Hapa lugha yetu ina mtego wake. Kiswahili kina -ka-, kiambishi kitamu kuliko vyote kwa msimulizi. "Zaituni akagundua kasoro, akaenda kwa meneja, akarudi nyumbani, akazungumza na baba yake, akalala, akaamka, akaenda tena kazini." Sikio linaridhika, kila tendo limeshika mkia wa tendo lililotangulia. Ila -ka- inaahidi mfuatano tu. Haisemi kwamba hili limezaa lile. Unaweza kuandika muhtasari wa kurasa tano kwa -ka- na usigundue kwamba hakuna kinachosababisha chochote, kwa sababu sentensi zenyewe zinatembea vizuri.

Kwa hiyo fanya ukatili kidogo. Panga kadi zako kwa mfululizo, na kati ya kila kadi mbili weka karatasi ndogo yenye "kwa hiyo" au "lakini". Huruhusiwi "halafu", huruhusiwi "kisha", huruhusiwi "wakati huohuo". Pale ambapo maneno yote mawili yanakataa kukaa, umepata kiungo kilichokatika.

Tazama matukio yaleyale: Zaituni anagundua kasoro, kwa hiyo anakwenda kwa meneja. Lakini meneja anamwonyesha ripoti yenye saini. Kwa hiyo anakwenda kumwuliza baba. Lakini baba anakiri, na anamwomba anyamaze. Sijaongeza onyesho hata moja. Nimeondoa kulala na kuamka, na kilichobaki kimeshikana.

Kipimo cha pili ni cha zamani. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema kwamba kitu ambacho kuwapo au kutokuwapo kwake hakuleti tofauti si sehemu ya kitu kizima. Toa kadi moja, uifiche mfukoni, kisha simulia hadithi yote kwa sauti. Kama hukujikwaa popote, kadi hiyo ilikuwa abiria.

Hata hivyo usiwe mtumwa wa "lakini". Kuna muundo wa sehemu nne uliotoka kwenye ushairi wa China na kukomaa Japani: utangulizi, ukuzaji, mgeuko, na hitimisho. Sehemu ya tatu huleta jambo linaloonekana halihusiani kabisa na yaliyotangulia, na ya nne huonyesha jinsi yanavyokutana. Hadithi ya namna hiyo inaweza kusimama bila mgongano mkubwa. Kama ndiyo unayoijenga kwa makusudi, kipimo changu kitakutisha bure. Kama hujawahi kuufikiria muundo huo hadi uliposoma aya hii, rudi kwenye kadi.

Katikati panalegea

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na hesabu inaeleza kwa nini. Skripti iliyopangwa kwa mtindo wa kawaida, herufi za Courier za ukubwa wa 12, hukadiriwa kuwa dakika moja kwa ukurasa. Filamu ndefu huwa kati ya kurasa 90 na 120. Syd Field, mwalimu wa uandishi wa skripti aliyeueneza sana mgawanyo wa sehemu tatu kwa kitabu chake cha mwaka 1979, aliigawa skripti ya kurasa 120 hivi: 30 za mwanzo, 60 za kati, 30 za mwisho. Nusu nzima ya filamu iko katikati. Sasa hesabu kadi zako. Mara nyingi nakuta kumi na tano za mwanzo, nane za mwisho, na kati yake kadi moja iliyoandikwa "mambo yanazidi kuwa magumu". Hiyo si kadi. Hiyo ni dua.

Ukiona hivyo, pitia vyanzo hivi kwa mpangilio nilioupa, kwa maana cha kwanza kikiwa ndicho, vingine havina haja ya kuguswa.

Anza na lengo. Je, linaonekana kwa macho? "Zaituni anataka haki itendeke" haliwezi kujaza dakika 60, kwa sababu hatujui kesho asubuhi atakwenda wapi kulitafuta. "Zaituni anataka barua yenye mhuri wa kusimamisha ufunguzi kabla ya Ijumaa saa nne" linampa mlango wa kubisha, mtu wa kumbembeleza na saa ya kuitazama. Hamu ya ndani ipo, nayo ni muhimu: anataka baba aendelee kuwa shujaa wake. Lakini hamu ya ndani haiendeshi maonyesho peke yake. Inampinga kila anapolikaribia lile la nje, na hapo ndipo katikati panapata joto.

Lengo likiwa sawa, mwangalie mpinzani. Kasoro ya kawaida ni kwamba amelala. Anaamka mhusika mkuu anapoingia ofisini mwake, anakataa, kisha anazimika kama taa hadi atakapotembelewa tena. Dawa yake inachukua saa moja: andika mpango mwingine, ukurasa mmoja, ambamo yeye ndiye mhusika mkuu. Meneja wa jengo anafanya nini usiku wa siku ya kwanza baada ya Zaituni kuondoka? Kama ana akili, anampigia simu baba. Kama ana akili zaidi, asubuhi anampandisha Zaituni cheo. Ghafla una maonyesho mawili ambayo hukuyaona, na katika lile la pili adui anatoa zawadi, jambo gumu kulikataa kuliko tishio.

Chanzo cha tatu: vikwazo vina kimo kimoja. Zaituni anakataliwa na meneja, anakataliwa na mhandisi, anakataliwa na mkaguzi. Mtazamaji ameshaelewa kuwa watu wanamkataa. Kila jaribio liwe ghali kuliko lililotangulia na lifunge mlango fulani usiweze kufunguka tena. Kwenye pembe ya kila kadi ya katikati andika alichopoteza. Kadi tatu mfululizo zikiwa na pembe tupu, hapo ndipo panapolegea.

Cha nne, na ndicho ninachokipenda: swali kuu halibadiliki. Ukimwuliza mtazamaji dakika ya 20 anasubiri nini, na ukamwuliza tena dakika ya 80, akakujibu vilevile, filamu imesimama hata kama watu wanakimbia ndani yake. Karibu na katikati panahitajika habari au tendo linalogeuza maana ya yote yaliyotangulia. Kwa Zaituni nilihangaika wiki mbili. Nilijaribu ajali, nikajaribu kifo cha baba, vyote vikaongeza kelele bila kuongeza uzito. Jibu lilikuwa limekaa mle ndani ya ripoti. Ukaguzi uliorukwa ulikuwa zamu ya nani? Ya Zaituni mwenyewe. Alisahau, na baba alisaini ili kumkinga. Mpaka hapo tulikuwa tunauliza kama atamfichua baba yake. Kuanzia hapo tunauliza kama atajifichua yeye. Lengo la nje halijabadilika hata kidogo, barua ni ileile na Ijumaa ni ileile, lakini hakuna onyesho la nusu ya pili linaloweza kufanana na la nusu ya kwanza.

Hata vyanzo vyote vikirekebishwa, kurasa 60 zinatisha. Zikate. Waandishi wengi huifikiria filamu kama vipande nane hivi vya dakika 10 hadi 15, desturi inayohusishwa na enzi za roli za filamu: futi 1,000 za mkanda wa milimita 35 huisha kwa takriban dakika 11 kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo katikati ni vipande vinne tu. Kila kimoja kipe lengo dogo lenye mwanzo na mwisho wake, na kiishie kwa jambo linalolazimisha kinachofuata. Kupanga dakika 15 mara nne kunavumilika.

Ukurasa wa 25 umefika na hadithi haijaanza

Chanzo ni hofu kwamba mtazamaji hataelewa. Orodhesha kila unachotaka ajue kabla ya tatizo kuanza. Mbele ya kila jambo andika: itakuwaje akilijua nusu saa baadaye? Mengi jibu lake ni "hakuna kitakachoharibika", na machache ni "itakuwa bora zaidi". Utoto wa Zaituni kwenye karakana ya baba yake unauma zaidi tukiujua baada ya kuiona saini. Yasogeze yaje baadaye.

Kisengere nyuma, yaani kurudi kwenye tukio la zamani, kiwe dawa ya mwisho. Kikiwa ndiyo njia pekee ya kueleza jambo, huenda jambo hilo ndilo lilipaswa kuwa onyesho la kwanza.

Mhusika mkuu anaburutwa

Pitia kadi ukiweka alama moja tu: nani ameamua jambo katika onyesho hili? Wengi hushtuka. Meneja ameamua, baba ameamua, mvua imeamua, na Zaituni amelia mara nne.

Ukiuliza kwa nini, mara nyingi utakuta mwandishi anampenda mhusika wake kupita kiasi. Hataki akosee, kwa hiyo hamruhusu kutenda, maana kila tendo lina hatari ya kuwa kosa. Mpe uamuzi mbaya mapema. Zaituni anaichukua ripoti kutoka faili la ofisi na kuipeleka nyumbani, ili amwulize baba kabla ya mtu mwingine kuiona. Ni kosa la kibinadamu kabisa, na kuanzia hapo kila anayemtuhumu kuficha ushahidi ana haki ya kufanya hivyo. Mtazamaji humsamehe mhusika anayekosea kwa sababu anayoielewa. Anayeonewa tu humwonea huruma kwa dakika kumi, kisha humchoka.

Hadithi nzima imening'inia kwenye jambo lisilowezekana

Mpango wangu wa kwanza uliishia kwa kamba kukatika na lifti kuporomoka ghorofa 30. Picha nzuri kweli. Bahati nilisoma kabla ya kuandika. Lifti za kawaida za abiria hubebwa na kamba kadhaa za chuma, si moja, na juu ya hapo kuna breki ya usalama inayobana reli za pembeni kasi ikizidi. Mvumbuzi Elisha Otis alionyesha breki ya awali ya usalama hadharani New York mwaka 1854: alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa, akaamuru kamba ikatwe, na jukwaa likateleza kidogo tu likasimama. Fundi yeyote angeicheka filamu yangu.

Lakini angalia kilichotokea kwenye mpango. Kama kamba kukatika hakutoshi, basi hatari iko kwenye breki yenyewe, kifaa ambacho hakuna abiria anayekijua na ambacho ukiruka ukaguzi hutajua kama kingali hai. Meneja sasa ana hoja ya kweli: "Kamba ni nyingi, breki ipo, unaogopa nini?" Mpinzani mwenye hoja ya kweli ni bora mara kumi kuliko mwenye tamaa tupu. Utafiti huu ulinichukua alasiri moja. Kama ningeufanya baada ya rasimu, ungenichukua rasimu nzima.

Kwa hiyo weka alama kwenye kadi tatu au nne zinazobeba uzito wote, uzihakikishe hizo kwanza: za kisheria, za kitabibu, za kiufundi. Nyingine zinaweza kusubiri.

Mwisho umeangukia sadfa

Aristotle alilisema hili nalo: ufumbuzi utoke ndani ya msuko wenyewe, usishushwe na mashine kama miungu ya jukwaani katika tamthilia za Ugiriki ya kale. Sadfa inayomtia mhusika matatani tunaipokea bila ubishi, hadithi nyingi huanza hivyo. Inayomtoa matatani tunaiona kama tumedhulumiwa.

Chanzo kiko wazi. Ulipanga kutoka mwanzo kwenda mwisho, ukafika umechoka na mfuko mtupu. Geuza mwelekeo. Anza na tendo la mwisho la mhusika, kisha rudi nyuma ukiuliza kila hatua: ili hili liwezekane, ni nini lazima kiwe kimeshaonekana? Zaituni mbele ya wageni wa ufunguzi anaandika jina lake chini ya taarifa inayokiri kosa lake. Ili saini hiyo iwe na uzito, lazima tuwe tumemwona mwanzoni akikataa kusaini karatasi ambayo hajaisoma, hata ya kupokea kifurushi, mpaka wenzake wanamtania. Ili mkono wake usite kwa haki, lazima tuwe tumeuona mkono wa baba ukisita katikati ya filamu. Unapanda kwa siri, unavuna hadharani. Tengeneza safu mbili kwenye karatasi, mbegu na mavuno, uhakikishe hakuna safu yenye pengo. Mbegu isiyovunwa ni kosa dogo. Mavuno yasiyo na mbegu ndiyo sadfa.

Mbegu ikionekana wazi mno, ifiche ndani ya kichekesho au ugomvi. Mtazamaji anayecheka hafanyi hesabu.

Mpango umekamilika na hamu ya kuandika imekwisha

Kuna aina mbili. Ya kwanza, umeandika mazungumzo ndani ya mpango, ukajipa raha yote mapema. Yafute. Kadi ibaki na mambo matatu: nani anataka nini, nini kinabadilika, tunatoka tukisubiri nini. Kwa skripti ya kurasa 100, yenye maonyesho ya wastani wa kurasa mbili hivi, unahitaji kadi 40 hadi 60. Ukiwa nazo 90, huenda umeanza kuandika rasimu kwa jina jingine.

Aina ya pili ni ngumu kuikiri: umejaza fomu. Umechukua ramani ya mtu, yaani muundo wa hadithi uliopangwa tayari, ukatafuta tukio la kuweka kwenye kila kisanduku, na visanduku vyote vimejaa. Weka ramani pembeni kwa siku mbili. Simulia hadithi kwa mtu asiyependa filamu, bila kadi, ukimtazama usoni. Mahali utakapojikuta unaharakisha ndipo ulipojaza kisanduku. Mahali utakapojikuta umesimama na kutumia mikono, anzia hapo, hata kama ramani inasema tukio hilo lilipaswa kuwa ukurasa wa 12 na wewe umeliweka wa 40.

Na rasimu ikianza kuuasi mpango, kama itakavyofanya, simamisha kuandika kwa nusu siku. Hamisha kadi, pitia upya "kwa hiyo" na "lakini" kuanzia pale palipobadilika hadi mwisho, kisha rudi kwenye ukurasa ulioacha.